Pinboli kuukuu: Usiichomeke kabla hujaijua!

*Wengine hununua mali, wakaishia na kuni
*Meya wa New York alizivunja kwa nyundo
*Ukikosea kufuta kioo, umekwisha!

UKIONA sanduku refu la mbao lenye miguu minne, juu limefunikwa kioo, na mwishoni limesimama kabati lenye picha za warembo na namba, jua umekutana na pinboli. Ndiyo ile mashine iliyomeza vijisenti vya vijana wa Marekani baa hadi baa. Unatumbukiza sarafu, unavuta springi, gololi ya chuma inaruka juu halafu inateremka ikigonga taa na kengele, nawe unahangaika na vile vikono vya kubonyeza, vinaitwa flipa, isije ikadumbukia shimoni. Ikidumbukia, basi, ndiyo imetoka hiyo.

Siku hizi mashine hizo ni mali. Watu wanazifukua kwenye mabohari, kwenye mabanda ya magari na vilabu vilivyofungwa, wanazitengeneza, wengine wanaziweka sebuleni wajidai mbele ya wageni. Lakini, mpenzi msomaji, hii si redio ya kufungua kwa bisibisi moja ukamaliza. Ndani mna swichi mamia, koili, mota na waya kama utumbo wa ng'ombe. Ukiiendea pupa, utaiunguza mashine, au itakuunguza wewe.

ILIKUWA HARAMU

Chimbuko lake ni Chicago. Mwaka 1931 bwana mmoja, David Gottlieb, alitoa mchezo uitwao Baffle Ball, kisanduku kidogo tu cha kuweka juu ya kaunta. Haukupita muda Raymond Moloney naye akatoa Ballyhoo, na kampuni yake ikajulikana kwa jina la Bally. Enzi hizo flipa hazipo. Ukishairusha gololi, kazi yako ni kuomba Mungu tu.

Hapo ndipo wakubwa walipokuja juu, wakidai kwamba mchezo usio na ujuzi ni kamari. Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, akaupiga marufuku. Polisi wakakamata mashine kwa maelfu, na meya mwenyewe akapigwa picha akizitwanga kwa nyundo.

Marufuku hiyo ilidumu miaka 34! Mwaka 1976 mwandishi kijana, Roger Sharpe, alifika mbele ya wajumbe wa baraza la jiji, akacheza huku wanamtazama. Akavuta springi, akataja kabisa gololi itapita njia ipi, na kweli ikapita palepale. Wakubwa wakatazamana. Kumbe ni ujuzi! Marufuku ikafutwa.

Na viwanda vyenyewe vimepungua. Gottlieb ilikoma mwaka 1996, na Williams ikaacha kutengeneza pinboli mwaka 1999. Kwa hiyo ile ya zamani ukiiharibu, hakuna kiwanda kitakachokutolea nyingine.

UTAIJUAJE UMRI WAKE?

Usimsikilize muuzaji. Muuzaji hata kabati la vyombo atakwambia ni la mwaka 1940. Wewe itazame mwenyewe.

Anza na kile kioo cha picha. Mara nyingi pameandikwa jina la mchezo na la kampuni, na kwa vidole vya bahati utakuta na mji: Chicago. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye mbao, mbele au ndani ya sanduku. Ukiwa na jina na namba, linganisha na picha za mashine zilizokwisha kuorodheshwa kwenye intaneti. Zipo kwa maelfu.

Hakuna jina? Zitazame flipa. Mashine isiyo na flipa kwa kawaida ni ya kabla ya mwisho wa 1947. Mwaka huo ndipo Harry Mabs wa Gottlieb alipotoa Humpty Dumpty, iliyokuwa na flipa sita, tatu kila upande, tena zinatazama nje! Mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco, katika mchezo wa Triple Action, akaweka mbili tu pale chini. Mtindo huo ndio uliobaki hadi leo. Halafu zipime urefu: kama ni inchi 2, yaelekea ni ya kabla ya 1968 au karibu na hapo. Baadaye zikawa inchi 3.

Tazama na kingo za pembeni. Za mbao ni dalili ya miaka ya 1950 kurudi nyuma, za chuma ni za baadaye. Pointi nazo husema. Zamani zilionyeshwa kwa taa zinazowaka nyuma ya kioo. Tangu katikati ya miaka ya 1950 zikaanza kuingia zile namba zinazozunguka kama za mita ya gari. Ukiona namba za kuwaka kama za saa ya kisasa, hiyo ina ubongo wa kompyuta, na ni ya 1977 hivi kuja mbele.

Ole wako ukute kioo ni cha mchezo mmoja, ubao wa ndani wa mwingine na miguu ya tatu. Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Jina la kwenye kioo lifanane na picha za kwenye ubao, vinginevyo shusha bei au ondoka zako.

MKONO MBALI NA SOKETI!

Haya, umeileta nyumbani. Watoto wamejaa, kila mmoja anataka iwake. Wafukuze kwanza!

Mashine nyingi za zamani zina waya wa umeme wa nyuzi mbili tu, bila ule wa ardhini. Umeme ukivuja, sanduku zima lenye vyuma litakurusha. Badilisha, weka wa nyuzi tatu. Halafu zikague fyuzi moja moja. Kuna wajanja wa zamani waliozungushia karatasi ya sigara au kuweka fyuzi kubwa ili mashine isizimike kwenye biashara. Fyuzi ya namna hiyo haikati, na kinachokatika badala yake ni koili, au nyumba yako inashika moto. Chungulia pia panya. Hupenda sana kuzaa humo na kutafuna waya.

Na wewe unayefikiria kuileta Bongo kwenye kontena, sikiliza. Mashine ya Marekani inataka volti 120 hivi, soketi yetu inatoa 230. Bila transfoma ya kushusha umeme, usijaribu. Hata ukiwa nayo, umeme wetu ni wa hezi 50 badala ya 60, kwa hiyo mota ya ndani itazunguka taratibu kidogo.

KAZI YENYEWE

Kwa mashine isiyo na kompyuta, ugonjwa mkubwa ni uchafu. Zile swichi zina vidoto vya chuma vinavyogusana, na vikishika kutu hakuna pointi wala kengele. Visugue kwa tupa nyembamba, taratibu, kila kimoja. Usipulizie mafuta yale ya kopo! Yanashika vumbi, tena swichi zinatoa cheche na mafuta yanawaka. Koili nazo hazitaki mafuta. Unabadilisha ule mrija wa plastiki wa ndani tu, basi.

Kwa ile yenye kompyuta, kimbilia betri kwanza. Ikivuja, inakula bodi mpaka uone ukungu wa kijani. Itoe, pangusa pale kwa siki kidogo kuua ile alkali, safisha, kausha vizuri, halafu betri mpya iweke mbali na bodi.

Mipira yote ya duara ibadilishe, na gololi pia. Gololi yenye makovu inakwaruza ubao kama msasa, na rangi ya ubao ikishaondoka ni kilio. Ubao usiuoshe kwa maji, maana mbao zitavimba.

KIOO NI ROHO

Sasa ile hatari wasiyoijua wengi. Picha ya kwenye kioo imepakwa kwa nyuma, upande wa ndani. Miaka ya joto na unyevu huifanya ibanduke vipande vipande. Mama mwenye nyumba akija na kitambaa na maji ya sabuni, akafuta kwa nyuma ili king'ae, picha yote inaondoka na kitambaa! Mbele futa upendavyo. Nyuma usiguse hata kwa kidole. Kama inabanduka, mtafute fundi anayejua kuishika kwa vanishi angavu.

Na usikimbilie kupaka sanduku rangi mpya. Wapenzi wengi wa vitu hivi wanalipia zaidi mikwaruzo ya kweli kuliko urembo wa juzi. Piga picha kila upande kabla hujafungua skrubu ya kwanza, na kila waya unaoutoa uufunge kikaratasi chenye namba. Fundi mwenye daftari hamalizi kazi akabakiwa na skrubu tano mkononi, anajiuliza zilitoka wapi.

Ukishamaliza hayo yote, ndipo uite watoto. Kila la heri, na sarafu mtoe wenyewe!