USONJI: NANI MGENI, NANI MWENYEJI?

Pita siku moja katika mitaa ya Kariakoo, Wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam. Unaweza kumwona mama amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi hivi. Mtoto ameziba sikio kwa kiganja, anajiyumbisha mbele na nyuma. Ukimsalimu hajibu, wala hakutazami usoni. Wapita njia nao hawakosi la kusema. Mmoja atasema, "Huyu ana jini." Wa pili, "Maskini, mtoto wa watu hayupo hapa duniani." Kijana muuza viatu, ambaye amezoea sinema, atacheka: "Huyu katoka sayari nyingine!"

Kauli hizo tatu zina maana moja tu: wewe si wa kwetu. Leo tunaeleza hali hiyo, ambayo kwa Kiswahili huitwa usonji. Lakini hasa tunataka kueleza jambo lisilosemwa sana. Je, mwenye usonji mwenyewe anayapokeaje maneno hayo? Maana anayasikia. Kutosema si kutosikia.

Usonji ni nini?

Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi tofauti na ilivyo kwa watu wengi. Mtu huanza nao utotoni, na huwa nao mpaka uzeeni. Hauambukizi. Si laana, wala hautokani na mama kumlea mtoto vibaya. Sehemu kubwa hutokana na urithi, kama vile urefu wa mtu unavyorithiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Basi hata kijijini kwako huenda wapo, ila wanaitwa kwa majina mengine, na baadhi ya majina hayo si mazuri.

Watu hao hawafanani. Wapo wasiosema kabisa, wanaohitaji kusaidiwa kula na kuvaa. Wapo waliosoma mpaka chuo kikuu, na bado wanashindwa kujua jirani anapotania na anaposema kweli. Wengi wanapenda mambo yaende kwa mpango uleule kila siku. Na wengi wana masikio, macho, pua na ngozi zinazopokea mambo kwa nguvu mno, au kwa udhaifu mno.

Hapo ndipo Kariakoo inapokuwa mtihani. Sisi wengine tukiingia Mtaa wa Kongo tunasikia kelele, halafu baada ya dakika chache hatuzisikii tena. Ubongo wetu umezichuja. Tunabaki tunamsikia yule tunayepatana naye bei. Kwa mtu mwenye usonji chujio hilo mara nyingi halifanyi kazi hivyo. Kipaza sauti kinachorudia bei ya mashati, honi ya bodaboda, mpiga debe, muziki wa dukani, mkokoteni unaopita huku mwenyewe akipiga kelele apishwe, harufu ya dagaa, mtu aliyemgusa bega, vyote vinaingia kwa pamoja na kwa nguvu ileile. Hakuna kinachotangulia, hakuna kinachosubiri. Sasa mtu aliye katika hali hiyo unamwambia, "Nitazame nikisema na wewe!" Akitazama chini, au akiziba masikio, hakukosa adabu. Anajitafutia nafasi ya kupumua. Hata kule kujiyumbisha kunawatuliza wengi wao.

Hadithi za mtoto aliyebadilishwa

Wazo la kwamba mtoto wa namna hii katoka kwingine si la Waswahili peke yetu. Huku pwani husemwa jini kamwingia. Ulaya, tangu zamani, wanavijiji waliamini kuwa viumbe wa mwituni huja usiku, wakamwiba mtoto wa watu na kulaza wa kwao kitandani. Mtoto aliyekuwa anacheka na kuita mama, ghafla akinyamaza, wakasema si yeye tena. Watoto waliodhaniwa hivyo waliteswa ili eti viumbe wale wamrudishe wa kweli.

Kisha wakaja wataalamu, nao hawakuwa mbali sana. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Jina lililotumika kwa lugha za Ulaya limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "nafsi yenyewe". Neno "tawahudi", ambalo baadhi ya Waswahili hulitumia badala ya usonji, limetoka katika Kiarabu, nalo linahusu upweke. Yaani hata jina la kitaalamu limemweka mtu pembeni kabla hajafungua mdomo! Mwaka 1967, hukohuko Marekani, Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichomfananisha mtoto wa usonji na ngome tupu, na akawabebesha wazazi lawama. Maoni hayo baadaye yalikataliwa. Lakini akina mama wengi walikwisha lia. Mama wa Buguruni anayeambiwa leo kuwa amemroga mwanawe, na mama wa Chicago aliyeambiwa miaka ile kuwa hakumpenda mwanawe, wamepigwa kwa fimbo moja.

Wenyewe wanasemaje?

Sasa tuwasikilize wenye usonji. Wa kwanza ni mama mmoja ambaye wafugaji wangepatana naye sana, Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947. Alianza kusema akiwa na zaidi ya miaka mitatu. Baadaye akawa profesa wa mambo ya mifugo. Yeye aliona kwamba ng'ombe hugoma kuingia njia ya machinjio kwa sababu ya vitu ambavyo mchungaji havioni: mnyororo unaoning'inia, kivuli, koti lililotundikwa kwenye uzio. Viondoe, ng'ombe atapita bila fimbo. Jambo hilo lina maana hata Pugu mnadani na Vingunguti machinjioni, hapahapa Ilala. Grandin alimweleza daktari na mwandishi Oliver Sacks kwamba, akiwa kati ya watu, hujiona kama mtafiti aliyepelekwa sayari ya Mirihi kuchunguza desturi za wenyeji. Sacks aliyatumia maneno hayo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1995.

Hebu tazama vizuri. Katika mfano huo yeye ndiye mtu wa dunia. Walioko Mirihi ni sisi!

Wa pili ni Jim Sinclair, naye wa Marekani, aliyezungumza mwaka 1993 mbele ya wazazi mjini Toronto, Kanada. Aliwaambia wazazi wasimlilie mtoto aliye hai kana kwamba amekufa. Mnalilia mtoto mliyemtarajia, ambaye hakuja. Huyu aliyekuja yupo, naye anawasubiri. Sinclair mwenyewe alitumia mfano wa mtoto mgeni aliyetua kwa bahati katika maisha ya watu, hana wa kumfundisha lugha ya hapo, na anahitaji mtu wa kumpokea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tofauti ilipo. Muuza viatu alisema "katoka sayari nyingine" ili kufunga mlango. Sinclair alisema karibu maneno yaleyale akibisha hodi.

Lakini wako wenye usonji wasiotaka kabisa kusikia habari za sayari. Wanasema: mimi nimezaliwa na mama yangu, nina uchungu, nina haya, napenda na ninapendwa. Ukinifanya kiumbe wa angani utaona si kosa kunifungia chumbani. Hofu hiyo si ya bure. Aliyekwisha hesabiwa kuwa si mtu, watu hawamuulizi kama anaumwa jino. Wako wengine ambao mfano huo uliwafariji. Walikua wakijiona wabovu, na siku waliposikia kuna wengine waliojiona wametua pasipo pao, walijua hawako peke yao. Basi si vizuri kuamua kwa niaba yao. Mwenyewe akijiita hivyo, ni lake. Wewe ukimwita hivyo, ni tusi.

Nani hamwelewi mwenzake?

Zamani ilisemwa kuwa mwenye usonji ndiye asiyeweza kuwaelewa wenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliuliza swali rahisi: na ninyi, mnamwelewa? Akasema ugumu uko pande zote mbili. Ni kama Mzaramo na Mmakonde waliokutana sokoni, kila mmoja akijua lugha ya kwao tu. Hakuna aliye mjinga kati yao.

Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh, Scotland, walijaribu jambo hilo kwa mchezo wa kupokezana hadithi. Watu wanane walipeana hadithi mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Makundi ya wenye usonji peke yao yalifikisha hadithi sawasawa na makundi ya wasio na usonji. Mambo mengi zaidi yalipotea katika makundi ya mchanganyiko. Mwaka 2025 walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lenye watu zaidi ya 300, na safari hii hata mchanganyiko ulifikisha vizuri. Kwa hiyo hatuwezi kusema watu hawa na sisi hatusikilizani kamwe. Tunaweza kusema kwamba ile habari ya "hawajui kuwasiliana" imetiwa chumvi nyingi.

Ilala ni ya nani?

Kuna jambo linanishangaza kidogo. Watu wa Kariakoo, kati ya watu wote, ndio wangejua kumpokea mgeni. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Walikuwa wabeba mizigo waliotolewa makwao. Baada yao wakaja watu wa kila kabila, na Waarabu, na Wahindi. Aliyetoka Songea alifika hajui Kizaramo wala hajui njia, na akaonyeshwa. Na neno letu "mgeni" ni zuri sana. Ni yule usiyemjua, na ndiye huyohuyo unayemwekea maji na chakula.

Ilala hiyohiyo ina Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, yenye kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya kawaida. Watoto hao na wengine wanakutana uwanja mmoja. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako madaktari wa watoto na wa akili hupokea watoto hao, nayo iko Upanga, wilaya hiyohiyo. Na iko Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza kuwabagua na kuwanyima elimu.

Tusisahau hatari. Kijana mwenye usonji akisimama mbele ya duka muda mrefu akitazama feni inavyozunguka, haulizi bei, haondoki, na akiulizwa hajibu, mtu mmoja tu akipiga kelele "Mwizi!" maisha yake yako mashakani. Kijana huyo atakimbia kwa sababu ya kelele. Na sokoni anayekimbia amekwisha hukumiwa.

Ukimkuta, sema naye kwa sauti ya chini, maneno machache, jambo moja kwa wakati. "Jina lako nani?" Kisha ngoja. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujauliza tena, maana swali la pili humfutia jibu la kwanza. Usimshike bila kumwambia. Usimlazimishe akutazame. Asiposema, mwonyeshe kitu au picha, aonyeshe kwa kidole. Kama yuko na mama yake, muulize mama huyo mtoto anapenda nini, wala usianze kwa kuuliza ana tatizo gani. Na ukimuuliza hilo, liseme mbele ya mtoto kwa namna ambayo ungependa yeye naye aisikie.