Homoni za Jinsi na Mshtuko wa Sepsisi

Bakteria wakiingia katika kidonda, mara nyingi kinga ya mwili huwashinda papo hapo. Pengine, hata hivyo, maambukizo huenea, nao mwili huitikia kwa namna isiyo na mpango hata ukajidhuru wenyewe. Hali hiyo huitwa sepsisi. Ilikadiriwa kuwa katika mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipatwa nayo, na vifo milioni 11 vilihusiana nayo.

Mshtuko wa sepsisi ndio upeo wa hatari hiyo. Seli nyeupe za damu zitambuapo sumu ya bakteria hutoa kemikali za kuitana, ziitwazo saitokini. Zikizidi mno, mishipa ya damu hulegea na kuvuja, shinikizo la damu hushuka, na viungo kama figo, ini na ubongo hukosa damu ya kutosha.

Estrojeni na testosteroni hufahamika zaidi kuwa homoni za balehe na uzazi. Lakini seli nyingi za kinga nazo zina vipokezi vya homoni hizo, mithili ya kufuli ingojayo ufunguo wake. Kwa jumla, testosteroni hupunguza nguvu ya kinga. Estrojeni yaweza kuiimarisha au kuituliza, kwa kadiri ya wingi wake.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walieleza kuwa panya majike, katika kipindi ambacho estrojeni yao huwa nyingi, walistahimili sepsisi kuliko madume. Majaribio mengine yalionyesha kuwa madume waliohasiwa kabla ya kupoteza damu nyingi hawakudhoofika kinga kama wale wasiohasiwa.

Je, wanawake nao wamekingwa hivyo? Kumbukumbu za hospitali za Marekani za miaka 1979 hadi 2000 zaonyesha kuwa wanaume walipatwa na sepsisi zaidi. Kuhusu vifo, hata hivyo, uchunguzi mbalimbali haukubaliani. Tena wagonjwa wengi ni wazee, na mwanamke aliyekoma hedhi hana tena estrojeni nyingi kama ya ujanani.

Lipo na jambo la kushangaza: miongoni mwa wagonjwa mahututi, wake kwa waume, waliokuwa na estrojeni nyingi ndio waliokufa zaidi. Je, estrojeni ndiyo iliyowaua? Si lazima. Katika ugonjwa mkali, kimeng'enya kilichomo katika mafuta ya mwili hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Moshi mwingi ni alama ya moto mkubwa. Si moshi uliouwasha.

Kwa hiyo homoni za jinsi hazijawa tiba ya mshtuko huu. Tiba ni viuavijasumu, maji ya mishipani, na noradrenalini ya kukaza mishipa, vyote vikitolewa mapema. Homa kali, kupumua haraka na kuchanganyikiwa ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali, awe mwanamume au mwanamke.