Duma wa Amerika hakuwa duma

Katika kazi yangu ya isimu linganishi niliandika kwamba maneno fulani mawili ni ndugu, kwa kuwa yanafanana kwa sauti na kwa maana. Mwalimu alipitisha wino mwekundu juu yake, akaandika pembeni neno moja tu: «Thibitisha.» Nilikasirika siku mbili. Aliyenituliza ni paka aliyekufa zamani sana.

Duma ni yule paka mwembamba wa mbugani mwenye mbio kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu. Huko Wyoming, Marekani, kuna pango liitwalo Natural Trap Cave, shimo la kina cha mita 25 hivi ambamo wanyama wa Enzi ya Barafu walitumbukia wasitoke tena. Kati ya visukuku vilivyotolewa humo kuna mifupa ya paka mwenye uso mfupi, tundu pana la pua na miguu mirefu, vyote kama vya duma. Mwaka 1979, Daniel Adams aliandika katika jarida la Science kwamba mifanano hiyo ni mingi mno kuwa ya bahati. Huenda asili ya duma ni Amerika. Mimi ningeandika vilevile.

Mwaka 2005, Ross Barnett na wenzake walisoma DNA iliyosalia katika mifupa ya paka huyo, aitwaye Miracinonyx. Ndugu yake wa karibu ni puma, paka ambaye hadi leo anaishi Amerika. Ule umbo wa duma aliupata peke yake.

Nilikumbuka Kimbabaram cha Australia, ambamo mbwa aliitwa «dog», kama kwa Kiingereza. Neno hilo limetokana na «gudaga» la zamani. Waingereza hawahusiki hata kidogo. Lakini mfano huu unachechemea, maana puma na duma wenyewe ni wa ukoo mmoja. Afadhali tutazame Kiswahili na Kitumbuka cha Malawi: zote ni lugha za Kibantu, na kila moja imepoteza toni za kutofautisha maneno kwa njia yake. Anayeziweka tawi moja kwa sababu hiyo anarudia kosa la 1979, na ni kosa gumu kuliko langu, kwa sababu undugu upo kweli, ila si pale tunapouonyesha kidole.

Katika nyika za Amerika bado yuko prongihoni, mnyama afananaye na swala, anayefikia karibu kilomita 90 kwa saa. Hakuna mwindaji wa huko leo awezaye kumfukuzia hivyo. Baadhi ya wataalamu hudhani mbio hizo ni za kumkimbia Miracinonyx, aliyetoweka Enzi ya Barafu ilipokwisha.

Kazi yangu nimeiandika upya. Safari hii inaanza na jedwali la milingano ya sauti, na lile neno la pili nimeliondoa.