Mshipi Uliotupwa: Pipa la Gatini Linatibu Nini?

Katika magati mengi ya Florida, Marekani, wavuvi hukuta bomba pana la plastiki limefungwa kwenye nguzo, mdomo wake umepinda kuelekea pembeni. Ni pipa la kukusanyia mishipi ya kuvulia iliyochakaa. Je, pipa hilo linapunguza kwa kiasi gani mishipi inayoishia baharini? Kabla ya kujibu, tuangalie mshipi wenyewe, kisha njia unazopitia hadi kufika majini.

Uvuvi wa burudani ni ule unaofanywa kwa kujifurahisha, si kwa biashara wala riziki. Mshipi wake wa kawaida ni wa nailoni: uzi mmoja mzima usiosokotwa, mwembamba, imara na unaopitisha mwanga. Sifa hizo zinampendeza mvuvi kwa sababu samaki hauoni. Lakini kasa na ndege pia hawauoni. Isitoshe, mshipi uliokaa muda mrefu kwenye gurudumu la kuuviringishia hushika umbo la kujikunja, hivyo ukilegea majini hujifanyia vitanzi wenyewe.

Jambo la pili ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina takriban gramu 1.14, na ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.03. Kwa hiyo mshipi wa nailoni huzama na kunasa kwenye miamba na nguzo za gati. Kuna mshipi mwingine, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za polithilini. Huo ni mwepesi kuliko maji, hivyo huelea na kusukumwa na mawimbi hadi kwenye mizizi ya mikoko. Nailoni hudhoofishwa na mwanga wa jua, lakini chini ya maji mwanga huo ni hafifu, na mshipi hudumu huko kwa miaka mingi.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Ziko tatu. Ya kwanza ni kutupwa: mvuvi anabadilisha mshipi uliochakaa na kuuacha pale pale. Ya pili ni kukatika: ndoana inakwama kwenye mwamba, mvuvi anavuta, mshipi unakatikia majini. Ya tatu ni kukatwa kwa makusudi baada ya kumnasa mnyama ambaye hakukusudiwa.

Pipa limetengenezwa kwa ajili ya njia ya kwanza. Hiyo si njia ndogo, kwa kuwa anayebadilisha mshipi wote wa gurudumu huondoa makumi ya mita, pengine mamia, kwa mara moja. Mdomo wa bomba umepindwa ili mvua na ndege wasiingie, na chini kuna kifuniko cha kufungua wakati wa kulimwaga. Watu wa kujitolea ndio wanaolimwaga. Huketi wakachambua mshipi, wakatoa ndoana, risasi za kuzamishia na mwani. Mshipi wa nailoni ulio safi hupelekwa kuyeyushwa na kufanywa punje za plastiki, ambazo hutumika kutengeneza vitu vingine, si mshipi mpya. Kampuni ya Berkley, yenye makao yake Spirit Lake katika jimbo la Iowa, imekuwa ikiipokea mishipi hiyo tangu 1990. Mshipi uliosukwa hauyeyushwi pamoja na wa nailoni, kwa hiyo hutengwa. Usipopokelewa kwingine, hukatwa vipande vifupi, visivyozidi sentimita 30, kabla ya kutiwa kwenye taka, ili usibaki na urefu wa kumfunga ndege jalalani.

Kwa njia ya pili, pipa halina msaada. Mshipi uliokatikia kwenye mwamba haurudi mkononi mwa mvuvi. Dawa yake inatangulia uvuvi wenyewe: kuukagua mshipi kwa vidole na kuubadilisha ukiwa umekwaruzika, kufunga fundo vizuri, na kutorusha ndoana karibu na nguzo au matumbawe. Ule uliokwisha kuzama hutolewa na wapiga mbizi, kazi ya polepole inayohitaji uangalifu wasije wakanaswa wao.

Njia ya tatu ndiyo inayoua kwa namna ya kusikitisha zaidi. Mwari humrukia samaki aliye kwenye ndoana, akanasa yeye. Mvuvi akiogopa na kukata mshipi, ndege huondoka na mita kadhaa zikining'inia, hutua kwenye mikoko anakolala, mshipi ukamfunga matawini, naye akafa hapo. Mwenzake akitua karibu anaweza kunaswa na uzi ule ule. Ndiyo maana wavuvi wa Florida hufundishwa wasikate. Wamvute ndege taratibu, wampandishe kwa wavu, wamfunike macho kwa kitambaa na kumshika mdomo huku wakiuacha wazi kidogo, kwa sababu mwari hupumulia mdomoni. Kisha ncha ya nyuma inayozuia ndoana isichomoke hukatwa kwa koleo, ndoana ikatolewa. Kwenye gati la Skyway, mlangoni mwa ghuba ya Tampa, mafunzo pekee hayakutosha. Mwaka 2023 mamlaka ya wanyamapori ya jimbo iliweka kanuni za kupunguza mishipi na ndoana anazotumia mvuvi mmoja.

Limebaki suala la kipimo. Miradi ya mapipa hupenda kutaja kilo zilizokusanywa. Kilo zinaweza kupanda kwa sababu wavuvi wamekuwa waangalifu, au kwa sababu wavuvi wameongezeka. Kipimo cha karibu zaidi na lengo ni mishipi inayokutwa mikokoni na chini ya magati kila msimu, pamoja na idadi ya ndege, kasa na nguva wanaopatikana wamefungwa.

Hukumu yetu ni kwamba pipa ni la lazima, ila linaziba mlango mmoja kati ya mitatu, na hata huo haufungiki pasipo mtu wa kulimwaga. Lililofurika hurudisha mishipi baharini kwa upepo. Mji wowote wa pwani unaotaka kuiga mpango huu uanze kwa kumtaja mtu wa kulimwaga na kutenga posho yake, uwafundishe wavuvi namna ya kumnasua ndege, kisha ndipo ununue bomba.