Rejesha, tengua, rudia: vitenzi vya kurekebisha makosa ya hifadhidata bila kuzima mfumo mzima

Amri ya maneno mawili, "Rejesha hifadhidata", haina kosa la kisarufi. Kitenzi kimenyambuliwa ipasavyo na yambwa ipo mahali pake. Hata hivyo, fundi anayeipokea katikati ya siku ya kazi hawezi kuitekeleza kwa usalama, kwa kuwa haimwambii ni kitu gani kirudi, kirudi mpaka wakati gani, na kipi kiachwe kama kilivyo. Makala haya yanafafanua vitenzi na nomino zinazohitajika ili maelekezo ya aina hii yaandikwe au yatafsiriwe bila utata.

Chukua mfano wa chuo chenye hifadhidata moja inayotumiwa na idara ya mitihani, ofisi ya uhasibu na maktaba. Saa 4:15 asubuhi, karani wa mitihani anakusudia kusahihisha alama ya mwanafunzi mmoja, lakini anasahau kutaja namba ya usajili. Alama za wanafunzi wote wa somo hilo zinakuwa 62. Kosa linagunduliwa saa 5:00. Katika muda huo, uhasibu umeendelea kupokea ada na maktaba imeendelea kuazimisha vitabu. Fundi akiielewa amri ya "rejesha" kuwa ni kuiweka nakala ya jana usiku mahali pa hifadhidata iliyopo, alama zitapona, lakini malipo yote ya asubuhi yatatoweka, na ofisi zote tatu zitasimama wakati kazi hiyo ikifanyika. Kosa la jedwali moja litakuwa limegeuzwa hasara ya chuo kizima.

Tengua

Neno "muamala" limezoeleka kutokana na huduma za fedha kwa simu. Katika hifadhidata, muamala ni fungu la hatua ambazo ama zote hufaulu pamoja, ama zote huachwa. Kabla ya kuthibitishwa, muamala unaweza kutenguliwa, na majedwali yakabaki kama hayakuguswa. Tengua ni kitenzi kinachofaa hapa kwa sababu matumizi yake ya kila siku yanabeba wazo lilelile: uteuzi wa ofisa mmoja unapotenguliwa, walioteuliwa pamoja naye hubaki katika nafasi zao. Kinachoondolewa ni tendo moja mahususi na athari zake. Miamala ya watumiaji wengine inaendelea, na mfumo hauzimwi.

Mpaka wa kitenzi hiki uzingatiwe. Muamala ukishathibitishwa hautenguliwi tena. Athari yake hurekebishwa kwa muamala mwingine, kama mhasibu asiyefuta mstari wa daftari bali huandika mstari mpya wa masahihisho. Karani wa mfano wetu alikwisha kuthibitisha. Kwa hiyo, kumwandikia fundi "tengua mabadiliko ya saa 4:15" ni kumwagiza jambo ambalo kitenzi hicho hakiwezi kulibeba.

Rudia

Mifumo mingi ya hifadhidata huandika kila badiliko katika daftari la mabadiliko kabla ya kuliandika katika faili za data zenyewe. Lugha ya mabaharia ina neno batli kwa daftari la safari ya meli, na wafasiri wengine huandika "logi". Lakini "daftari la mabadiliko" hueleweka bila maelezo ya ziada, hivyo linafaa zaidi katika matini ya kufundishia.

Daftari hilo ndilo linalowezesha kitenzi cha pili. Mwaka 1992, C. Mohan na wenzake wa IBM walichapisha mbinu iitwayo ARIES, ambayo imeathiri mifumo mingi iliyofuata. Mfumo ulioanguka ghafla unapoinuka, kwanza huchambua daftari, kisha hurudia mabadiliko yaliyoandikwa humo, na mwishowe hutengua miamala ambayo haikuthibitishwa. Rudia na tengua, basi, ni hatua mbili zenye mielekeo tofauti: ya kwanza husogeza data mbele kuelekea hali ya karibuni, ya pili huondoa kisichostahili kubaki. Mfasiri anayeziita zote "kurejesha" huufuta mpangilio huo.

Rejesha

Rejesha ni kauli ya kutendesha ya rejea. Katika mazungumzo, rejesha na rudisha hubadilishana bila madhara: kitabu hurudishwa au hurejeshwa maktaba. Katika maelekezo ya kiufundi, inafaa rejesha litumike kwa data inayotolewa katika nakala, na kila mara liambatane na mambo matatu: kinachorejeshwa, kinaporejeshwa, na wakati unaolengwa.

Mambo hayo ndiyo yanayotenganisha marekebisho ya sehemu na kuzima kila kitu. PostgreSQL, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, huweza kuchukua nakala ya awali na kurudia daftari la mabadiliko hadi dakika iliyochaguliwa. Kazi hiyo hufanywa kwenye seva ya pembeni huku seva kuu ikiendelea kuhudumia. Kisha jedwali moja hutolewa huko na kupelekwa linakohitajika. Oracle, kuanzia toleo la 10g, huweza kurudisha jedwali moja katika hali yake ya muda mfupi uliopita, mradi kumbukumbu za hali hiyo bado zipo. SQL Server, katika toleo lake la Enterprise, huweza kurejesha kurasa zilizoharibika, kila moja ikiwa na kilobaiti 8, huku sehemu kubwa ya hifadhidata ikiwa wazi kwa watumiaji.

Tahadhari moja inahusu matangazo kwa umma. "Mfumo umerejea" maana yake ni kwamba huduma inapatikana. "Data imerejeshwa" maana yake ni kwamba kilichopotea kimepatikana. Ya kwanza inaweza kuwa kweli wakati ya pili si kweli, na msomaji anayesubiri alama zake ana haki ya kujua ni ipi anayoambiwa.

Nakala za aina tatu

Neno "nakala" likiachwa peke yake huficha tofauti kubwa. Nakala rudufu huhifadhiwa kando ili itumike baadaye. Rudufu halitokani na rudi, bali lina undugu na maradufu. Nakala pacha huishi kwenye seva nyingine na kufuata kila badiliko la seva kuu. Picha ya papo huonyesha hali ya diski katika nukta moja ya wakati. Pacha hukinga dhidi ya hitilafu ya mashine, lakini haikingi dhidi ya kosa la mtu, kwani kosa lililothibitishwa nalo hunakiliwa, mara nyingi ndani ya sekunde chache.

Tukio la GitLab la tarehe 31 Januari 2017 linaonyesha uzito wa tofauti hizi. Nakala pacha ilikuwa imebaki nyuma, na mhandisi aliyekuwa akiitengeneza alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kati ya takriban gigabaiti 300, zilibaki kama 4.5. Nakala rudufu zilizotarajiwa hazikuwapo, kwa kuwa programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Kilichookoa ni picha ya papo iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Huduma ilisimama kwa saa nyingi, na mabadiliko ya saa hizo sita yalipotea. Mtu aliyeuliza "Je, kuna nakala?" angejibiwa "Ndiyo" kwa haki, na jibu hilo lisingemsaidia.

Saa ya msemaji na saa ya mashine

Utata wa mwisho unawahusu hasa waandishi wa Kiswahili. Saa 4:15 asubuhi ya karani ni 10:15 katika mashine iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, na ni 07:15 katika mashine iliyowekwa saa za ulimwengu. Fundi akiandika 04:15 kama alivyoambiwa, data itarudi alfajiri, na saa sita za ziada zitakosekana. Vilevile, "hadi saa 10:15" haisemi kama badiliko la dakika hiyo limo au halimo. "Kabla ya" huondoa shaka. Katika maelekezo ya kurejesha, wakati uandikwe kwa saa ya mashine, pamoja na tarehe na ukanda wa saa.

Amri iliyoandikwa upya

Kwa mfano wa chuo, maelekezo yanayotekelezeka ni haya:

"Rejesha nakala rudufu ya jana usiku kwenye seva ya pembeni. Rudia miamala yote iliyothibitishwa leo kabla ya saa 10:15, kwa saa za Afrika Mashariki. Toa jedwali la alama na ulilinganishe na lililopo sasa. Sahihisha kwenye seva kuu alama zilizoharibika tu, kwa muamala mmoja. Ukiona idadi ya alama zilizoguswa si ile iliyotarajiwa, utengue kabla ya kuuthibitisha. Seva kuu isizimwe."

Hatua ya kulinganisha isirukwe, kwa kuwa kati ya saa 4:15 na saa 5:00 huenda karani mwingine aliingiza alama halali katika jedwali hilohilo. Amri hii ni ndefu kuliko ile ya maneno mawili, lakini kila kitenzi ndani yake kina kazi moja, na stakabadhi za ada za asubuhi hiyo zinabaki salama.