Jeshi la Nchi Ndogo na Silaha Zake

Watu wengi wanapotaka kupima nguvu ya jeshi huanza kwa kuhesabu vifaru, mizinga na ndege. Kwa nchi ndogo kama Burundi, yenye eneo la kilomita za mraba 27,834, hesabu hiyo peke yake hupotosha. Jeshi la nchi kavu la taifa dogo halina budi kupimwa kwa maswali matatu: lina kazi gani, zana zake zinaifaa kazi hiyo, na silaha hizo zinamtumikia nani.

Burundi imepakana na Rwanda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala haina pwani ya bahari. Upande wa magharibi kuna tambarare ya Imbo na Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo ardhi hupanda kwa ghafla hadi kwenye milima inayozidi mita 2,600. Katika nchi ya namna hiyo, mzigo wa ulinzi humwangukia askari wa miguu. Ndiye awezaye kupanda kilima, kuvuka bonde, kulinda daraja na kukesha mpakani.

Wahenga walisema kwamba nguvu ya mamba ni maji. Kifaru kizito cha siku hizi huwa na uzito wa tani 40 na kuzidi. Huhitaji madaraja imara, mafundi wengi na mafuta tele, nayo mafuta yote ya Burundi hununuliwa nchi za nje. Ndiyo sababu kwa miaka mingi jeshi la Burundi limetegemea magari mepesi ya deraya yaendayo kwa magurudumu. Miongoni mwake ni Panhard AML ya Kifaransa, ambayo aina yake moja hubeba mzinga wa milimita 90, na BRDM-2 ya Kisovieti, iliyoundwa kwa upelelezi. Bunduki, bunduki za rashasha na mizinga midogo inayobebwa na askari wenyewe hukamilisha zana hizo. Vitu hivyo si vya fahari, lakini hufika mahali ambapo kifaru hukwama.

Ubora wa zana hujulikana kazini. Mnamo Desemba 2007 Burundi ilianza kupeleka askari nchini Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na baadaye idadi yao ilipita 5,000. Huko adui hakuja na vifaru. Alitega mabomu barabarani na kutuma watu wa kujilipua. Tarehe 17 Septemba 2009, shambulio la aina hiyo mjini Mogadishu lilimuua Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, naibu kamanda wa kikosi cha Umoja wa Afrika, pamoja na askari wengine. Katika vita hivyo gari lenye thamani kubwa lilikuwa lile lililoundwa kuhimili mabomu ya kutegwa, kama RG-31 ya Afrika Kusini. Sehemu yake ya chini ina umbo la herufi V, ili nguvu ya mlipuko isambae pembeni badala ya kupanda juu kwa waliomo ndani. Funzo ni dhahiri: zana huchaguliwa kwa kumtazama adui aliyepo, siyo kwa kutazama gwaride la mataifa mengine.

Hata hivyo, swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Historia ya Burundi yaonyesha kwamba hasara kubwa kabisa haikuletwa na uchache wa silaha. Mwaka 1972 askari walishiriki katika mauaji makubwa ya raia Wahutu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi, aliuawa na askari ambao wajibu wao ulikuwa kumlinda, na taifa likatumbukia katika vita vya miaka mingi. Mnamo Mei 2015, wakati wa jaribio la kuipindua serikali, askari walipigana na askari wenzao karibu na majengo ya redio ya taifa mjini Bujumbura. Siku zote hizo bunduki zilikuwapo za kutosha. Kilichokosekana ni utii kwa sheria.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulilenga jeraha hilo. Uliagiza kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya jeshi, na Katiba ya mwaka 2005 ikaliweka sharti hilo katika sheria kuu. Watu waliokuwa wakiwindana msituni wakavaa sare moja, wakala chungu kimoja, na baadaye wakalindana chini ya risasi mjini Mogadishu. Aidha, kazi za jeshi zilitenganishwa na za polisi. Askari jeshi hufundishwa kumshinda adui wa taifa. Polisi hufundishwa kumkamata mhalifu akiwa hai na kumfikisha mbele ya hakimu. Anayechanganya kazi hizo mbili humgeuza raia kuwa adui.

Kwa hiyo nchi ndogo haina haja ya kuona haya kwa udogo wa ghala lake la silaha. Bunduki hununuliwa kwa fedha, lakini imani ya wananchi haina duka. Mkulima wa kilimani anapoona sare ikipita njiani na akaendelea kulima bila kukimbia, hapo ndipo jeshi na polisi huweza kusema kwamba wameilinda nchi.