Steringi Aliyeuawa na Mama Yake: Sunil Dutt kati ya Sinema na Siasa

Mtaani kwetu kila mtoto anaijua kanuni ya picha za Kihindi: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho atasimama. Nilipoitazama Mother India (1957) kwa mara ya kwanza, kanuni hiyo ilinishinda. Birju, kijana aliyebeba hasira ya wanyonge wa kijiji kizima, anapigwa risasi, na anayempiga si adui bali ni mama yake mzazi. Aliyeigiza nafasi ya Birju ni Sunil Dutt, ambaye baadaye alikuwa mbunge na hatimaye waziri. Katika makala haya nitaeleza maisha yake, huku nikiipima hoja moja tunayoipenda sana sisi wanafunzi wa fasihi: kwamba mwigizaji akiingia katika siasa anaendelea tu kuigiza.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 6 Juni 1929 katika wilaya ya Jhelum, Punjab, ambayo leo ni sehemu ya Pakistani, na jina lake lilikuwa Balraj Dutt. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. India ilipogawanywa mwaka 1947, familia hii ya Kihindu ilijikuta upande wa hatari, ikaokolewa na Mwislamu, rafiki wa marehemu baba. Naomba msomaji aishike nukta hii. Balraj alivuka mpaka akiwa mkimbizi, na hatimaye akafika Bombay. Huko alisoma chuo huku akifanya kazi katika shirika la mabasi ya jiji, kisha akawa mtangazaji wa Redio Ceylon akiwahoji mastaa wa sinema. Mwaka 1955 naye akatokea katika filamu yake ya kwanza, Railway Platform.

Miaka miwili baadaye Mehboob Khan alimpa nafasi ya Birju. Kimaudhui, Mother India ni hadithi ya tabaka la wakulima linalonyonywa na mla riba, Sukhilala. Mama, Radha, anavumilia njaa, mafuriko na deni lisilokwisha. Birju havumilii. Anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala, kisha anamteka binti yake siku ya harusi. Hapo ndipo Radha anaposhika bunduki. Heshima ya binti wa kijiji anaiweka juu ya damu yake mwenyewe, na filamu inatutaka tukubali kwamba huo ndio uzalendo. Nikiri kwamba mimi sikukubali haraka. Niliona filamu inamwadhibu mnyonge aliyethubutu, ilhali mfumo uliomzaa Sukhilala unabaki bila jibu la kutosha.

Nje ya kamera mambo yalikwenda kinyume kabisa. Wakati wa kupiga picha moto ulimzingira Nargis, aliyeigiza kama Radha, na Dutt ndiye aliyeingia kumwokoa. Mwezi Machi 1958 wakaoana. “Mama” huyu alimzidi “mwanawe” siku tano tu! Nargis alitoka familia ya Kiislamu, Dutt alikuwa Mhindu. Kazi yake iliendelea kukua: mwaka 1963 aliigiza tena kama jambazi katika Mujhe Jeene Do, akapata tuzo ya Filmfare, na mwaka 1964 aliongoza Yaadein, filamu ambayo yeye ndiye mwigizaji pekee anayeonekana. Lakini mwezi Mei 1981 Nargis alifariki kwa saratani, siku chache tu kabla ya filamu ya kwanza ya mtoto wao Sanjay, Rocky, kuanza kuonyeshwa. Dutt akaanzisha mfuko wa kuwasaidia wagonjwa wa saratani kwa jina la mkewe.

Mwaka 1984 aligombea ubunge wa Lok Sabha kwa tiketi ya chama cha Congress, jimbo la kaskazini-magharibi mwa Bombay, akashinda. Mwaka ule ule Amitabh Bachchan naye alichaguliwa, lakini alijiuzulu mwaka 1987 akaachana na siasa. Na mwaka huo huo wa 1987, Dutt alifanya nini? Alitembea kwa miguu, pamoja na binti yake Priya, kutoka Bombay hadi Amritsar, kilometa 2,000 hivi kwa siku 78, kuhimiza amani katika Punjab iliyokuwa ikivuja damu. Mtu anaweza kusema eti hiyo nayo ni sinema. Haya, lakini nyayo zilizopasuka si vipodozi.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya msikiti wa Babri kubomolewa huko Ayodhya tarehe 6 Desemba 1992. Ghasia zilizofuata Bombay, hadi Januari 1993, ziliua watu wapatao 900, wengi wao Waislamu. Dutt, yule mtoto aliyeokolewa na Mwislamu, alijiuzulu ubunge kupinga udhaifu wa serikali, na serikali yenyewe ilikuwa ya chama chake. Mwezi Machi mabomu yakalipuka jijini, watu 257 wakafa. Mwezi Aprili Sanjay akakamatwa kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria na kuhusishwa na njama ile.

Hapo ndipo Birju aliporudi, safari hii akiwa mtoto wa kweli. Je, baba angeshika bunduki ya Radha? Hakuishika. Alibisha hodi kwa wakubwa, hata kwa Bal Thackeray, kiongozi wa Shiv Sena, chama ambacho ripoti ya tume ya Jaji Srikrishna ya mwaka 1998 ilikilaumu kwa ghasia zile zile zilizomfanya Dutt ajiuzulu. Sanjay alipata dhamana Oktoba 1995. Baadaye mahakama ilimwondolea shutuma ya ugaidi ila ikamtia hatiani kwa silaha, na kifungo alikimaliza mwaka 2016.

Jamani, tumhukumuje? Kwa kipimo cha Mother India, Dutt alishindwa. Mimi naona kipimo chenyewe ndicho kilichoshindwa. Radha ni ishara, na ishara haiendi gerezani kumtazama mwanawe. Mwigizaji anayeigiza maisha yote angechagua tendo linalopendeza jukwaani. Dutt alichagua tendo lililomvunjia heshima, na ndiyo maana siamini kwamba alikuwa akiigiza.

Wapiga kura walimrudisha bungeni mwaka 1999 na 2004, akawa Waziri wa Vijana na Michezo, akafariki tarehe 25 Mei 2005 akiwa madarakani. Lakini jibu lake kwa Mother India alikuwa ameshalitoa katika filamu yake ya mwisho, Munna Bhai M.B.B.S. (2003). Humo anaigiza kama baba anayegundua kwamba mwanawe, aliyeigizwa na Sanjay, si daktari bali ni mhuni wa mjini. Baba anaaibika, anakasirika, anaondoka. Mwishoni anamkumbatia. Baada ya miaka 46, mtoto aliyepotoka amekutana tena na mzazi wake, na safari hii hakuna bunduki.